Sauti Katika Chumba cha Cherehani

Kila akitoka shule, Chapu alikuwa na mzunguko wake: avue sare, achote maji, aoshe vyombo vya asubuhi, afagie ua, kisha apite kwa jirani kumchukua mdogo wake. Mtu mwingine angemaliza kazi hizo magharibi. Chapu alizimaliza jua likiwa bado kali. Ndiyo maana baba yake alimbandika jina hilo, la chapuchapu, nalo likamganda hata mwalimu wake wa darasa la sita akawa anajisahau na kumwita hivyo. Ukitaka kazi iishe upesi, mpe Chapu. Ukitaka iishe vizuri, hapo sasa mfuate nyuma ukakague, maana vumbi lilijificha chini ya mkeka na masufuria yaling'aa kwa nje tu.

"Wewe mtoto," baba alizoea kumtania, "ukiambiwa ukaoge, utalowesha taulo urudi!"

Baba alikuwa fundi wa kufuli. Alikuwa na kibanda kidogo karibu na soko, funguo zimening'inia kuanzia juu mpaka chini, na mezani jiliwa la kubania funguo na tupa za kuzichongea. Aliyepoteza ufunguo alimkimbilia yeye. Aliyejifungia nje na chungu kiko jikoni alimkimbilia yeye. Angeinama, atie sikio kwenye kitasa kama daktari anayesikiliza kifua, halafu kidogo tu utasikia ka! na mlango uko wazi. Watu walisema hakuna kufuli lililowahi kumshinda. Lakini mganga hajigangi. Lilikuwapo moja, na hilo lilikuwa nyumbani kwake, kwenye mlango wa mwisho wa ukumbi.

Kile kilikuwa chumba cha mama. Mama alikuwa mshonaji, na mle ndimo alimokuwa akifanyia kazi na cherehani yake ya miguu. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliopita. Baada ya mazishi baba alitia kufuli akasema ni kwa muda tu, mpaka wapate nguvu ya kupanga vitu. Muda huo ukawa mrefu, na hakuna aliyeingia tena.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikusemwa katika nyumba ile. Mdogo wake Chapu, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa mdogo mno wakati ule. Siku ya msiba alimvuta baba kanzu akauliza, "Mama yuko wapi?" Baba akashindwa kumtazama. Neno likamtoka tu: "Mama amesafiri." Majirani wakaitikia, ndugu wakaitikia, Chapu naye akaitikia. Tangu hapo kila Kitinda alipouliza mama atarudi lini, jibu lilikuwa, "Akimaliza shughuli zake." Mtoto akawa anasubiri.

Ijumaa moja asubuhi, baba akinywa chai yake kwa kusimama, alisema, "Kesho shangazi yenu anahamia hapa. Atakaa chumba kile."

Hakuna aliyeuliza kipi.

"Chapu, ukitoka shule ukifungue, ukifagie, mpaka chini ya cherehani. Halafu uzibe lile dirisha lenye kioo kilichovunjika, mvua zinakaribia. Ufunguo uko pale msumarini."

"Sawa, baba."

"Na polepole, tafadhali. Si zile kazi zako za bora liende."

Alasiri ile Chapu aliutungua ufunguo, akashika ufagio, akaenda mpaka mbele ya mlango. Hapo miguu ikagoma. Si kwamba alikuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza nyoka uani kwa ufagio huohuo, na wavulana wa mtaa mzima wamepanda ukutani. Lakini mara ya mwisho alipoufungua mlango ule, mama alikuwa ameinamia cherehani, akamwambia bila kugeuka, "Ngoja nimalize mshono huu, nakuja." Jioni hiyohiyo alipelekwa hospitali, na hakuja.

Chapu alisimama na ufunguo mkononi. Aliogopa mambo mawili yasiyopatana: kwamba angekuta kiti cha mama ni kitupu, na kwamba angekikuta si kitupu. Alisikia harufu ya mafuta ya cherehani ikipenya chini ya mlango, au alidhani anaisikia. Akaurudisha ufunguo msumarini.

Dirisha, alijiambia, linazibika kwa nje. Akazunguka uani, akachukua boksi gumu, akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalifunga boksi kwenye nondo kwa waya, akakaza vizuri. Alifanya kazi hiyo amefumba macho nusu, asije akaona ndani. Ndege mmoja alimpita sikioni, vuu! akarudi tena karibu amparue shavu.

"Shii! Nenda zako huko!" Chapu akampungia mkono. Kazi ikaisha. Chapuchapu.

Magharibi walikaa jikoni yeye na Kitinda, wakila mkate na chai huku wakimsubiri baba. Upepo ulikuwa umetulia, na nyumba imenyamaza. Ndipo sauti ikaja kutoka mwisho wa ukumbi.

Trrrr.

Kimya kidogo. Kisha tena, trrrr, trrrr, ikakatika.

Chapu alibaki na mkate mdomoni. Sauti ile aliijua. Alikulia ndani yake, alikuwa akilala na kuamka nayo. Ilikuwa sauti ya cherehani ikishona mishono mifupi mifupi, kama mama alivyofanya akifika kwenye kola.

Kitinda aliinua uso, na uso wake wote ukawaka. "Dada! Mama anashona!"

"Kaa chini."

"Amerudi! Dada, mama amerudi!" Alikwishachomoka. Chapu alimfuata na kumkuta amejibandika mlangoni, viganja viwili na shavu. "Mama! Mama, fungua! Ni mimi!"

Sauti ikakatika papo hapo.

"Umeona?" Kitinda akanong'ona. "Amenisikia."

Chapu alitaka kumwambia hakuna mtu mle ndani. Atajuaje? Hakuingia. Angekuwa amefungua mlango ule alasiri, angekuwa na la kusema sasa. Alisimama tu akimsikiliza mdogo wake akimpa mlango habari zake: kwamba jino lake moja limetoka, kwamba siku hizi anafunga vifungo mwenyewe, kwamba dada hupika chai isiyo na sukari ya kutosha. Alipomaliza, akakiweka kipande chake cha mkate chini, karibu kabisa na kizingiti.

"Atakula akimaliza mshono," alisema.

Baba alipoingia, Kitinda alimrukia na habari kabla hajavua viatu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Rangi ya uso wake ilibadilika, lakini alitabasamu kwa nguvu, akamshika mtoto kichwani, kisha akamgeukia Chapu.

"Ulifagia chumba cha mama yako?"

"Nilifagia."

"Mpaka chini ya cherehani?"

"Mpaka chini ya cherehani."

"Na dirisha?"

"Nimeliziba."

Katika majibu hayo matatu, moja tu lilikuwa la kweli.

"Sasa, wewe uliyeingia," baba aliuliza polepole, "mle ndani mna nini?"

"Hamna kitu, baba. Vumbi tu."

Baba alikwenda mpaka mlangoni, akakiona kipande cha mkate, akakikwepa asikikanyage. Alilishika kufuli, akalipima mkononi kama alivyozoea kupima ya watu, kisha akaliachia. "Ni panya," alisema. "Kesho shangazi yenu akija tutaona." Lakini alisimama pale kitambo kirefu zaidi ya mtu anayefikiria panya.

Chapu hakupata usingizi wa maana. Asubuhi ya Jumamosi alimkuta Kitinda amekwishaamka, amekaa sakafuni mbele ya mlango, amekumbatia magoti. Mkate ulikuwa palepale, umekauka na kuzungukwa na sisimizi.

"Hajala," Kitinda alisema. Hakuwa na furaha ya jana. "Dada, mama amenikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie?"

"Mbona hafungui basi?"

Swali lile lilimchoma Chapu kuliko kofi. Akaona afadhali aende zake uani akaanike nguo kuliko kuendelea kutazama uso ule. Baba alikuwa amekwishaondoka kwenda kibandani, na alikuwa ameuchukua ufunguo ule, ili amchongee shangazi wa kwake.

Uani, juu ya kamba ya nguo, alikuwapo mbayuwayu mmoja. Alikuwa amebeba mdudu mdomoni. Chapu alitikisa shuka, ndege hakukimbia. Aliruka moja kwa moja mpaka dirishani, akajibamiza kwenye lile boksi, akabaki amelining'inia akipigapiga mabawa.

Trrrr. Trrrr, trrrr.

Shuka lilimwanguka Chapu kwenye mchanga.

Ndege alirudi kambani, akahema, akaruka tena. Trrrr. Mdudu bado yuko mdomoni. Na kutoka nyuma ya boksi, kwa mbali sana, Chapu akasikia kilio chembamba, chembamba mno, cha kitu kinachoomba kwa nguvu zake za mwisho.

"Mungu wangu," alisema. "Ana watoto mle ndani."

Alipanda juu ya ndoo mbio akaanza kuufungua waya. Kucha moja ikavunjika, damu ikatoka, hakujali. Boksi lilipoachia tu, mbayuwayu alimpita shavuni akaingia. Kwa mara ya kwanza Chapu akatazama ndani. Macho yalipozoea giza aliona cherehani, na juu yake, pembeni ya boriti, kiota cha udongo kilichomeguka ukingo. Kichwa kimoja kilikuwa kimejitokeza humo, mdomo wazi. Ndege akakilisha. Lakini kilio kile hakikutoka kwenye kiota. Kilitoka chini, ndani ya kikapu cha mama cha vipande vya vitambaa. Kinda alikuwa ameanguka. Mama yake alishuka, akazunguka juu ya kikapu, akapanda, akashuka tena, hajui afanye nini. Ndege hana mikono ya kumbeba mwanawe.

Chapu alipenyeza mkono kati ya nondo mpaka bega likauma. Haukufika hata nusu. Kulikuwa na njia moja tu ya kuingia mle, nayo ilikuwa mlango, na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni kwa baba.

Alimkabidhi Kitinda kwa jirani, akatoka mbio. Njiani alijitungia uongo mwingine. Atasema kanga yake imebaki mle ndani. Baba atampa ufunguo, atarudi, atamtoa kinda, atafagia, na hakuna atakayejua kamwe. Uongo mzuri, umenyooka, hauna mfupa. Alipofika kibandani alikuwa ameukariri kama shairi la darasani.

"Baba, shikamoo. Naomba ule ufunguo. Nilisahau kanga yangu mle."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?" Baba alikuwa ameubana ufunguo kwenye jiliwa, tupa mkononi. Aliufungua, akaupuliza unga wa chuma, akamnyooshea. Chapu alikwishaushika. Ulikuwa bado na joto la tupa. Alikuwa amegeuka aondoke.

"Chapu."

"Abee."

Baba hakumtazama. Alikuwa akipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. "Hebu niambie. Jana ulipoingia... lile gauni lake la buluu. Bado limetundikwa nyuma ya mlango?"

Chapu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi, neno moja tu, na baba angefurahi kulisikia. Lakini hapo ndipo aliposhindwa. Kudanganya kuhusu vumbi aliweza. Kudanganya kuhusu dirisha angeweza. Kumtungia baba yake habari za gauni la mama, huku baba amesimama akingoja jibu namna ile, hakuweza.

"Sijui, baba," alisema, na machozi yakamtangulia. "Sikuingia. Niliogopa. Niliziba dirisha kwa nje, na mle ndani mna ndege, ana watoto, nimewafungia tangu jana, hawajala. Mmoja ameanguka. Yule aliyekuwa akilia trrrr si mama, ni ndege anapiga boksi. Na Kitinda amekaa mlangoni anauliza kama mama amemkasirikia."

Akasimama akingoja kukaripiwa. Baba aliweka tupa chini.

"Na mimi sijaingia," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wazima tunaogopa pia, mwanangu. Nilikutuma wewe kazi iliyonishinda mimi. Twende."

Alifunga kibanda katikati ya siku ya soko, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Walipofika nyumbani, shangazi alikuwa amekwishawasili. Shangazi alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake ukumbini, Kitinda mapajani.

"Hodi nimepiga mpaka mkono umekufa ganzi!" alianza. "Nyumba ya fundi kufuli, mgeni anafunguliwa na jirani!" Kisha akaziona nyuso zao, akainuka na Kitinda mikononi.

Baba alitia ufunguo. Mkono wake, ule uliofungua milango ya mji mzima, ulikosea tundu, ufunguo ukagonga kufuli kando mara kadhaa. Chapu aliweka mkono wake juu ya wa baba. Wakauzungusha pamoja.

Mlango ulipofunguka harufu ya mafuta ya cherehani ilikuwapo kweli. Gauni la buluu lilikuwapo, nyuma ya mlango, mabega yake yameingia vumbi. Chini ya sindano kulikuwa na shati dogo la mtoto, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado. Kiti kilikuwa kitupu.

Kitinda aliteremka akapenya katikati ya miguu yao. Alitazama nyuma ya mlango. Alitazama chini ya meza. Aliinua kanga iliyofunika vitambaa, akaishusha. "Mama?" aliita. Mara ya pili hakuita kwa nguvu.

Chapu alikuwa amepiga magoti kwenye kikapu. Alimwona kinda, manyoya yake bado machache, amejikunja kwenye kipande cha kitambaa chekundu, akipumua kwa shida. Akauvuta mkono wake nyuma.

"Shangazi, nikimgusa si mama yake atamkataa? Watu wanasema hivyo."

"Watu wanasema mengi. Mama gani anamtupa mtoto kwa sababu mkunga alimshika? Basi mimi ningekuwa nimeharibu mji mzima! Mlete huku." Shangazi alimfunika kinda kati ya viganja vyake vinene na kumpulizia pumzi ya moto. "Kwanza joto, chakula baadaye. Mtoto aliyepigwa na baridi hamezi."

Ndipo Chapu alipomwona yule mwingine. Alikuwa chini ya cherehani, karibu na kanyagio, palepale alipoambiwa afagie. Alikuwa ameanguka kwenye saruji tupu. Hakuwa akipumua. Chapu alimwokota haraka akamfunika kwa kiganja, lakini Kitinda alikuwa amekwishafika.

"Huyo amelala?"

Chapu alimtazama baba yake, na baba akatazama sakafu. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari, jepesi kama lile la gauni. Chapu aliufungua mkono.

"Hapana. Amekufa. Niliziba dirisha bila kuangalia ndani, mama yake akashindwa kuingia, naye kinda kwa njaa akajinyoosha nje ya kiota akaanguka. Ni makosa yangu."

Kitinda alimgusa ndege kwa ncha ya kidole. "Ataamka lini?"

"Haamki tena, Kitinda. Aliyekufa haamki. Wala hakukasirikii. Hawezi tu."

Mtoto alifikiri. Ungeweza kuona fikra zikipita usoni mwake moja baada ya nyingine. Alitazama kiti, akatazama shati lenye mkono mmoja, kisha akamgeukia baba.

"Baba, mama amesafiri au amekufa?"

Baba alipiga magoti, akawa sawa naye kwa kimo. "Amekufa, mwanangu. Nilikudanganya. Mama yako amekufa."

Kitinda alilia. Alilia kilio ambacho wenzake walikilia tangu mwaka uliopita na yeye akanyimwa. Baba alimkumbatia naye akalia waziwazi, na Chapu akajitupa juu yao wote wawili. Shangazi alibaki amesimama na kinda viganjani, machozi yakimtiririka, hana mkono wa kuyafuta.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," alisema baadaye, kwa upole. "Haya. Huyu wa kwangu ameanza kuchangamka. Kaka, panda mezani, mrudishe kwake."

Baba alikipigilia kipande cha ubao chini ya kiota, pale ukingo ulipomeguka, akampandisha kinda taratibu, akamlaza kando ya ndugu yake. Wakatoka wote wakasimama uani, mbali na dirisha. Mbayuwayu alikuwa kambani. Alikaa. Alijigeuza. Akaruka kwenda zake juu ya mapaa.

"Amemkataa," Chapu alinong'ona.

"Nyamaza wewe, Chapu! Hata mama wa watu huenda sokoni kwanza ndipo alishe wanawe," shangazi alisema.

Na kweli, alirudi. Alikuwa na kitu mdomoni. Alipita kwenye tundu la kioo kama mshale, na mara wakasikia vilio viwili, kimoja kikubwa na kingine hafifu, vikigombania. Kitinda, macho yamevimba, aliinua vidole viwili. Hapo shangazi akatangaza kwamba atalala na watoto mpaka makinda waruke. Yeye hawezi kumfukuza mzazi mwenzake, alisema.

Alasiri walimzika kinda aliyekufa kwenye kona ya ua. Kitinda ndiye aliyemfukia, na alitaka kujua kila kitu: kama mama naye alifukiwa hivi, kama alikuwa na shuka, kama wanaweza kwenda kupaona. Baba alijibu swali moja baada ya jingine, na hakukwepa hata moja.

Watoto walipokuwa wakinawa mikono, baba alimwita Chapu.

"Umenikasirikia, baba?"

"Nimehuzunika. Kinda yule hatarudi, na utamkumbuka. Sitakwambia usahau." Alikuwa na lile kufuli la mlangoni mkononi, akilifungua na kulifunga. "Lakini sikiliza. Mimi nimeshika kufuli maisha yangu yote, na leo ndiyo nimejifunza jambo. Uongo ni mlango unaoufunga bila kutazama ndani. Hujui umemfungia nani. Wewe uliwafungia makinda. Mimi nilimfungia mdogo wako, mwaka mzima. Kazi ukiiogopa, niambie, 'Baba, naogopa.' Tutaifanya wawili. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kusema imefanyika."

"Nimeelewa, baba."

"Na mimi pia." Akalitia lile kufuli kwenye boksi la vyuma chakavu.

Makinda waliruka asubuhi moja ya mawingu, kabla ya mvua kubwa. Baba alitia vioo vipya dirishani, lakini kimoja cha juu alikiacha wazi kwa watakaorudi. Shangazi alimalizia ule mkono wa pili wa shati. Lilikuwa limekwishambana Kitinda, akalivaa hivyohivyo, na hakuna aliyemkataza.

Siku ile makinda waliporuka, Chapu alikifagia chumba. Kilimchukua alasiri nzima, mpaka jirani akaja kuuliza kama Chapu yuko salama. Baba alipoingia jioni alivua viatu, akauliza kama kawaida yake:

"Umefagia?"

"Nimefagia."

"Mpaka chini ya cherehani?"

Chapu alimshika mkono, akamwongoza kwenye mlango uliokuwa wazi. "Njoo uone mwenyewe," alisema, na baba akainama kutazama.